Nyusi Zangu Zimegeuka Bluu, na Carine Anataka Zake Ziwe Kama Zangu

Mama Clémentine mpendwa,

Salamu ku weye na ku bote ba nyumba yako. Minye ni mwanamuke wa hapa Likasi, niko na bwana na batoto, naimba mu korale ya parokia yetu, na kila gazeti ikifika naanza na ukurasa yako mbele ya habari ingine yote, nasoma shida ya bengine, nacheka, nasema, "Huyu naye, akili yake ilienda wapi?" Sasa leo zamu iko yangu. Naomba unisaidie mbele juma hii haijaisha, na kama utacheka, cheka kwako ku nyumba, usicheke mu gazeti.

Shida yangu iko mu nyusi. Si nyusi ya krayoni, ile ya kuchora asubuyi na kunawa mangaribi, hapana, yangu ilichomwa na ncha ya shindano, wino iliingia ndani ya ngozi na haitoke tena. Mwanzo ilikuwa nyeusi ti, nilikuwa najiangalia mu kioo naona muntu wa maana, kisha pole pole ikaanza kugeuka, ikakuwa ya majivu, na leo iko bluu ya kuelekea kijani, sawa yale mawe ya malakiti bavijana banauzisha kando ya barabara. Kila asubuyi naamuka mbele bwana hajaamuka, nakimbia ku kioo, napaka krayoni nyeusi juu ya ile bluu, nafunga kitambala mpaka hapa karibu na macho, na siku yote sijipanguse jasho, naligusa gusa tu na kidole sawa muntu wa kidonda.

Utauliza nani alinituma. Hakuna. Ilianza na neno moja ya bwana yangu. Bwana yangu ni Philippe, muntu mutulivu, tangu usine, kiwanda ya kazi yake, isimame analima mahindi nyuma ya nyumba na siku ya Mungu anapiga gitare mu korale. Siku ingine tulikuwa tunatoka ku misa, tunatembea, na mbele yetu ilikuwa Carine, mutoto wa jirani yetu, binti wa kuenda Zambia kutafuta bitambala na kuuzisha hapa ku soko. Akageuka kutusalimia. Alipoenda, Philippe akasema, "Unaona Carine? Yeye hanyoe nyusi yake." Paka vile tu. Kisha akaanza kusema juu ya koranti, asema namna gani tunakaa na giza na barage ya Mwadingusha ya kutoa umeme iko pale pale karibu. Yeye alikuwa mu koranti, minye nilikuwa nimeshafia mu nyusi.

Juu wakati ile minye nilikuwa nanyoa. Banamuke bote tulikuwa tunanyoa, na wembe, tunabakisha kamustari kadogo tu, halafu tunachora na krayoni. Ilikuwa muzuri. Bantu bote balikuwa banasema iko muzuri. Sasa bwana yangu, mu barabara, mbele ya Mungu, anaangalia nyusi ya Carine! Na mwanaume anayeangalia nyusi ameshaangalia macho, na akishaangalia macho, Mama Clémentine, weye ni muntu mukubwa, unajua bintu inashukaka wapi.

Na kusema kweli nyusi ya Carine iko muzuri. Iko nzito, nyeusi, Mungu mwenyewe alichora na hakuharakisha. Na tena Carine hana ubaya. Ananiitaka "Yaya Blandine", akinikuta anapiga goti kidogo, ananisaidia ndoo ya maji bila kumuomba. Ile adabu yake njo inanizidishia hasira, juu ukitaka kumuchukia muntu vizuri, heri akupe sababu. Huyu hanipe. Nimetafuta.

Basi nikaenda Kikula, kwa Dodo. Dodo ni mwanamuke wa kuchora nyusi na shindano, ku baraza yake, na wino anatengeneza yeye mwenyewe, haseme na nini. Nikamwambia anifanyie nzito, sawa ile ya Carine. Akasema kale kamustari kangu ka nywele katamusumbua, akakanyoa yote, uso ikabakia tupu sawa yai, kisha akaanza kuchoma. Nililia mpaka masikio ikajaa machozi. Nikarudia ku nyumba na uso imevimba, nikakaa mbele ya Philippe nangoja. Akaniangalia murefu. Akasema, "Iko muzuri." Akaenda inje kutengeneza radio. Minye nilitaka aseme zaidi, hakusema zaidi, nikajua sasa kama moyo yake iko kwa Carine.

Tangu pale sikupumuzika. Ku korale minye ni alto, Carine ni soprano, na soprano banasimama karibu na gitare. Nikamwambia mukubwa wa korale kama sauti yangu imepanda. Haikupanda! Naimba soprano ya nguvu, shingo inatoka mishipa, kusudi nisimame katikati yao. Carine naye anafurahi, asema, "Yaya, tumekuwa pamoja!"

Sasa sikiliza jambo ile ilinivunja. Shemeki yangu Damas, ndugu mukubwa wa Philippe, muvuvi wa kule Tshangalele, alikufa. Tukaenda kule ku ziwa. Weye unajua kilio yetu iko namna gani, banamuke tunakaa chini, nywele haitengenezwe, uso haipakwe kitu, hata mafuta, na mwanamuke wa kukuya na rangi ku kilio ni sawa anashangilia maiti. Nilijua, nikanawa krayoni yote mbele ya kutoka hapa. Lakini ukinawa krayoni yangu, chini yake iko nini? Iko bluu. Kwa uchungu na haraka ya safari sikufikiria hata.

Naingia, napiga magoti, na mama mukwe anainua macho. Akasema, "Mutoto yangu analala mu sanduku, na weye unakuya kwangu na rangi ku uso?" Akanitupia kitambala ya maji. "Pangusa." Nikapangusa. Akasema tena, "Pangusa!" Nikapangusa mpaka ngozi ikawaka moto. Kisha akanikamata kichwa, akachukua ile kitambala, akaanza kunipangusa yeye mwenyewe, na mikono ya mama aliyefiwa, Mama Clémentine, na nguvu yake yote, na haikutoka. Banamuke baliacha kulia, banatuangalia. Minye nilikuwa na neno moja tu ya kusema, kama ni shindano, lakini nikisema shindano bataniuliza juu ya nini, na juu ya nini ni Carine, na jina ile siwezi kuitoa mu kinywa mbele ya ukoo ya bwana yangu. Nikanyamaza. Bakasema huyu mwanamuke ana roho ya jiwe. Philippe akakuya, akanishika mukono, akanipeleka inje chini ya kivuli ya nyumba, akakaa karibu yangu. Mpaka leo hajasema kitu.

Bantu ya hapa Likasi hawajue ile mambo, kilio ilikuwa mbali, na Carine siku ile alikuwa Zambia.

Sasa iko hivi. Mu mwisho wa kiangazi ukoo itakutana tena kwa kumaliza kilio ya Damas, na siwezi kurudi kule na uso hii. Dada ya Philippe, Martine, anaishi Johannesburg, aliona mambo yote siku ile, alinikuta pembeni na akauliza polepole, njo yeye peke yake nilimwambia kama ni shindano. Akasema kule iko munganga wa ngozi na mashine ya mwangaza, banaiita laser, inavunja wino chini ya ngozi mpaka inaisha. Asema nikuye, nitalala kwake. Na Philippe alivyosikia, akasema, "Enda. Minye nitabakia na batoto." Hakununa! Mwanaume gani anaachilia bibi yake mpaka Johannesburg bila kununa, na Carine analala ukuta kwa ukuta na sisi?

Tena naogopa kitu ingine. Tangu Dodo sijanyoa tena, na nywele yangu mwenyewe inaota. Iko kidogo, lakini iko yangu, inapita katikati ya ile bluu, nyeusi, naikuta na kidole. Bantu banasema ile laser inatafuta kintu nyeusi, haichague, inaunguza wino na inaunguza nywele, asema mwanamuke fulani alirudia na nyusi nyeupe pe sawa tate, babu wa mvi. Ninarudia hapa bila bluu, bila nyeusi, bila nyusi, na Carine iko na yake yote? Jirani mumoja naye ananiambia niache safari, nipake maji ya batri na chumvi, asema inatoa kila kitu. Nifuate nani? Na nikienda ku laser, nifanye nini kusudi ile nywele kidogo ibakie?

Nilitaka kumaliza barua hapa. Lakini mukono inakataa, acha nimalize yote.

Carine alikuya kwangu juma hii. Alileta zawadi, kitambala ya Zambia, ya kijani na maua, asema, "Yaya, nikaiona nikakufikiria." Nimeifanya ya kushikia nyungu. Akakaa chini, akaanza kucheka peke yake, kisha akasema anaolewa, siku ya mposho, mwisho wa juma ijayo. Nikasema asante kwa Mungu. Kisha akasema, "Yaya Blandine, kila siku nataka kukuambia na ninaona haya. Nyusi yako! Yangu iko ya porini, inaenda huku na huku. Siku ya ndoa nataka ikuwe sawa yako. Unipeleke kwa yule mama aliyekufanyia."

Nikamuangalia. Ile nyusi, Mama. Karibu hivi.

Nikasema, "Ndiyo, Carine. Siku ya kwanza ya juma, asubuyi, tutaenda kwa Dodo."

Sikumwambia kitu. Nalala na ile neno, naamuka nayo. Saa ingine nafikiri kama akigeuka bluu tutakuwa sawa, atajua, na Philippe hatakuwa na kintu ya kuangalia. Utaniambia muntu anaolewa, unaogopa nini tena? Bibi arusi njo anaangaliwa na bote, na Philippe atapiga gitare! Saa ingine namusikia anaimba kule nyuma ya ukuta na moyo inaniuma. Lakini mi sitashika shindano. Ni Dodo atashika. Na ni Carine aliyeomba. Minye nitamuonyesha paka njia tu. Hiyo nayo ni zambi?

Usiandike jina yangu.

Minye, yule unaweza kumuita vile unapenda, Likasi


MAMA CLÉMENTINE ANAJIBU

Haya, nimekuita Blandine, na wengine wote humu nimewapa majina mapya, hata yule wa sindano. Lakini Likasi si Paris, mwanangu. Gazeti hili linatoka siku ya tano, Ijumaa, na huyo Carine wako anajua kusoma. Kwa hiyo epua uji, uwe tayari kutoka, lakini soma mpaka mwisho.

Kwanza pole. Pole kwa shemeji yako, na pole kwa ile siku. Nilifika mahali pa kitambala nikaweka barua chini, nikatoka nje kidogo. Usimchukie mama mkwe wako. Alikuwa anampangusa mkaza mwana, kumbe alitaka kufuta kitu kingine kabisa, na hicho nacho hakikutoka. Ila weye ulikuwa na neno moja la kumsaidia ukalimeza kwa sababu ya wivu. Hapo ndipo ninaanza kukukasirikia, na bado sijamaliza.

Tuanze na batri, maana hilo ni fupi. Maji ya batri ni ya gari! Yataunguza ngozi, yataunguza mzizi wa nywele, na yakiteremka kwenye jicho hutaona tena Carine wala Philippe wala njia ya kwenda kanisani. Mwambie jirani yako ajipake yeye kwanza.

Sasa laser. Nilimwendea daktari wa ngozi Lubumbashi, kwa sababu mambo haya hayahitaji mama wa gazeti peke yake. Anasema uliyosikia si uongo wote. Ule mwanga unatafuta weusi. Wino ni mweusi chini, nywele ni nyeusi juu, na mwanga hausomi majina. Nywele zinaweza kuungua ncha, zinaweza kugeuka nyeupe kwa muda, zinaweza kudondoka. Mara nyingi zinaota tena, kwa sababu mashine ya kutoa wino si ile ya kuua mzizi, lakini daktari anayekuapia kwamba hata unywele mmoja hautapotea, huyo anauza, hatibu.

Kwa hiyo ukienda, enda na kinywa. Mwambie kuna nywele zako humo na unazitaka. Mwambie hujui wino ulitengenezwa na nini, maana wino mwingine ukipigwa mwanga unazidi kuwa mweusi badala ya kufifia. Aanze na kipande kidogo, pale nyusi inapoishia karibu na sikio, halafu mngoje kipone na muone nywele za pale zimefanya nini, ndipo aendelee. Apige kwa nguvu ndogo, aache ngozi ipumzike, arudie siku nyingine. Muulize atazikinga vipi nywele, na akicheka, chukua mkoba wako. Na macho! Macho yafunikwe kwa vifuniko vyenyewe vya kazi hiyo, si kiganja cha mtu wala kitambaa. Weye kwa upande wako, kuanzia leo wembe mbali, kibano mbali, usivute, usipake dawa ya kuzifanya ziwe nyeusi zaidi, na krayoni uache kabisa kabla ya safari. Ukishapigwa, jua lisikuone, ganda usilibandue, na ile sabuni ya kujichubua ambayo najua iko nyumbani kwako, mahali fulani nyuma ya ndoo, itupe.

Lakini sikiliza hili. Kazi hiyo haiishi kwa safari moja, na haitaisha kabla ya kumaliza kilio cha Damas. Usikimbilie Johannesburg ili umdanganye mama mkwe wako kwa uso mpya. Enda Tshangalele kabla ya siku ile, enda na uso huohuo, kaa chini karibu naye mkiwa wawili na umwambie, "Mama, ilikuwa sindano." Jina la Carine halihitajiki. Mwambie ulitaka kupendeza kwa mtoto wake ukakosea. Kila mama anaelewa hilo, hata akianza kwa kukutukana.

Tuje kwa Philippe wako. Blandine, umeniandikia maneno yake mwenyewe, na wala hukuyasikia. Nimeyasoma nikitembea nayo nyumbani, mpaka mume wangu akaniuliza nina nini. Alisema nini? Alisema, "Yeye hanyoe nyusi yake." Alisema Carine ni mzuri? Hakusema. Alisema macho yake, kiuno chake, sauti yake? Hakusema. Alisema Carine hanyoi! Huyo mwanaume alioa msichana mwenye nyusi, na baada ya ndoa akaanza kuona wembe unapita, unapita, mpaka pakabaki kamstari. Alikuwa anaziomba nyusi zako. Aliomba kwa woga, kwa kupitia kwa mtoto wa jirani, kama wanaume wengi wanavyoomba, halafu akakimbilia koranti. Na yeye nitamgombeza: Philippe, kama unasoma, mbona usimwambie mke wako waziwazi kwamba unazipenda nywele zake? Gitaa unajua kulipiga mbele ya kanisa zima, neno moja linakushinda mbele ya mke?

Na weye ukaenda Kikula ukanyoa hata kale kamstari kalikobaki. Ukamwekea wino mahali pa nywele alizokuwa anazingoja. Alipokwambia "iko muzuri" akaenda kwa radio yake, hakwenda kwa Carine. Alienda kwa radio. Siku ya kilio, ndugu zake wote wanakuangalia, maiti ya kaka yake iko ndani, yeye ametoka nje kukaa na nani? Kuhusu Johannesburg ulitaka anune. Angenuna ungeniandikia kwamba hataki upone. Acha. Ukimaliza barua hii, kaa naye, ondoa kitambala, umwonyeshe zile nywele zinazoota na umwambie aziguse kwa kidole chake. Hapo utajua moyo wake uko wapi, wala hutahitaji kuniandikia. Na siku ya Mungu rudi alto. Korale nzima inakuomba, kwa heshima tu hawasemi.

Sasa Carine.

"Minye nitamuonyesha paka njia tu." Nimesoma sentensi nyingi mbaya katika kazi hii, lakini hiyo ndiyo ya mwaka. Njia unaijua weye tu! Unajua mwisho wake kuna nini, ulifika, ulirudi umelia mpaka masikioni. Unajua kwamba Dodo kabla ya kushika sindano atashika wembe. Atazinyoa nyusi zile zote, zile ambazo Mungu hakuharakisha, ni maneno yako hayo. Weye uko tayari kuvuka mipaka mpaka Johannesburg, kulala kwa watu, kupigwa mwanga usoni, ili uokoe nywele chache za kupapasa kwa kidole. Mtoto wa watu anazo zote, na weye ndiye utamshika mkono mpaka kwenye kiti cha Dodo, siku chache kabla ya ndoa yake. Umeniuliza kama ni dhambi. Blandine, ungekuwa hujui, ungemaliza barua pale ulipotaka kuimaliza.

Wivu sikulaumu. Nami nina wangu, na mume wangu hana hata gitaa. Lakini angalia wivu wako umekupa nini mpaka sasa. Umekunyoa, umekuchoma, umekunyamazisha kilioni, umekuimbisha soprano. Sasa unakutuma umharibu msichana pekee ambaye akiona kitambala sokoni Zambia anakufikiria weye. Nimemtafutia ubaya kama ulivyomtafutia. Mimi pia sijauona. Yeye anakutazama weye, mama! Siku hizi zote ulikuwa unamwangalia Philippe anamwangalia Carine, kumbe Carine alikuwa anakuangalia weye, anataka afanane nawe siku kubwa ya maisha yake.

Utafanya hivi, na utafanya kabla ya siku ya kwanza ya juma, hiyo Jumatatu yenu. Usiende kwake jioni, enda mchana, jua likiwa juu, na mkae nje. Krayoni nawa yote. Kichwani usifunge kitu. Kile kitambala cha maua ulichokifanya cha kushikia vyungu, kifue, kiloweshe maji safi, uende nacho mkononi. Najua utatamani kuanza na maelezo marefu, Philippe alisema hivi, minye nilifikiri vile, maana umeniandikia mimi kurasa na kurasa. Hapana. Ya Philippe usimwambie leo, wala kesho. Kaa mbele yake, mwachie azione nyusi zako zilivyo. Atashangaa, atacheka labda, atafikiri ni rangi. Mpe kitambala chake, inamisha kichwa, na umwambie lile neno mama mkwe wako alilokuambia: "Pangusa."

Mwache apanguse mpaka aache mwenyewe.